Sahani za Meli Iliyozama

Ulimi-Mafuta aliipita hoteli ile mpya, akasita, akarudi kinyumenyume kama gari lililosahau abiria. Mlangoni palining'inia usukani wa meli. Ndani kulikuwa na kuta za mbao, kamba nene na madirisha ya duara. Mezani, sahani nyeupe pee, mpya kabisa.

Akili ikamwasha. Wapo watu wakiona hoteli huuliza chakula. Yeye huuliza mwenye mali.

Mwenye mali alikuwa mama mnene aliyevaa kofia ya baharia. Mafundi walimwita Nahodha.

"Shikamoo, mama. Meli umeijenga, lakini sahani hizi ni za wodini. Mgeni akiinua macho, yuko baharini; akiyashusha, anasubiri sindano."

Nahodha akaguna. "Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Kuna meli ilizama zamani. Mjomba wangu mzamiaji aliibua vyombo vyake. Ila hauzii kila mtu."

Mjomba huyo, Mungu amrehemu, hakuwahi kuzaliwa. Vyombo vilitoka kantini ya kiwanda kilichofungwa. Ulimi-Mafuta alivichemsha kwa majani ya chai, akavisugua kwa mchanga, akamegua kingo kwa koleo, taratibu kama daktari wa meno. Katikati ya kila sahani akachora nanga ndogo ya bluu, mlaji aikute mchuzi ukiisha.

Asubuhi iliyofuata vilipopangwa mezani, chumba kizima kikageuka. Hata yeye mwenyewe alihisi sakafu ikiyumba.

"Taslimu sina," Nahodha alisema kwa huzuni. "Watu wanagombania kuingia ubia. Lakini wewe una jicho. Nikupe robo ya meli? Ongezea kitu kidogo tu."

Ulimi-Mafuta akaitazama ile meza. Mahali penye sahani kama zile pangewezaje kuwa pa uongo? Akatoa akiba yake yote, na funguo za pikipiki juu.

Kesho yake alikuja amechomekea shati kama mkurugenzi. Akamkuta seremala anabandua mbao, na mzee mwenye nyumba kashika kiuno.

"Nahodha yuko wapi?"

"Kang'oa nanga," seremala akajibu. "Kaondoka na pikipiki. Na wewe mbia? Basi mko wanne. Wenzio walisitasita siku zote. Jana walipoona sahani, wakaingia kichwakichwa."

Ulimi-Mafuta akaikimbilia meza. "Basi angalau nichukue vyombo vyangu."

"Thubutu!" mzee akafoka. "Vinabaki badala ya kodi yangu. Vyombo vya meli iliyozama hivyo, vina thamani!"

Ndipo Ulimi-Mafuta, kwa mara ya kwanza tangu aachishwe ziwa, akasema kweli tupu. "Mzee wangu, haki ya Mungu, ni vya kantini. Nimevichemsha mwenyewe kwa majani ya chai."

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta.

"Majani ya chai! Kijana, uongo huo kamdanganye bibi yako."

Akamsukuma nje, akafunga mlango.