Turubai Langu na Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Nina hasira. Mama mwenye bustani ametangaza kwamba msimamizi mpya wa mabanda ya maua atakuwa mimi au shemeji. Shemeji! Kaka wa mke wangu, niliyemtafutia kazi hii mimi mwenyewe, hata koleo alikuwa hajui kushika. Kila mmoja kapewa meza ya maua ya krisanthemi. Atakayetoa vitumba kwanza kabla mwezi haujaisha ndiye msimamizi. Mama mkwe nimeshamwambia cheo ni changu. Nimewahi kidogo tu.

Jumatano, 5 Machi
Bibi shamba kaja kutufundisha. Ati krisanthemi hazichanui mpaka zipate usiku mrefu, kwa hiyo tuzifunike turubai jeusi kila alasiri hadi asubuhi. Ati ndani ya majani kuna protini inayohisi mwanga. Mwanga mwekundu ukiingia gizani, hata hafifu, mmea unaona usiku umekatika na hautoi maua. Protini! Protini ninayoijua iko kwenye maharage na mayai. Shemeji akawa anaitikia tu, kichwa juu chini kama mjusi. Nikauliza kama majani yana macho. Bibi shamba akasema kwa namna fulani yanayo. Wakanicheka mimi badala ya kumcheka yeye.

Ijumaa, 14 Machi
Nimekuta turubai langu limesogezwa. Nani kama si shemeji? Kikulacho ki nguoni mwako. Anataka kunikatia vitumba hata kabla havijatoka. Mke wangu anasema ni upepo. Damu nzito kuliko maji, najua. Nimenunua taa ndogo nikaifunga chini ya turubai, iwake mpaka asubuhi. Mlinzi nimemwomba achungulie kila anapopita. Nimechagua nyekundu makusudi, maana nyeupe ingemshtua mwizi.

Ijumaa, 21 Machi
Shemeji ana vitumba. Mimi nina majani. Mlinzi anaapa hajaona mtu, kwa hiyo naye kanunuliwa. Bibi shamba kaniuliza kama kuna mwanga unaoingia kwenye meza yangu. Nikamjibu hakuna, giza totoro. Mambo ya ulinzi hayamhusu. Nimeongeza taa ya pili.

Jumatatu, 31 Machi
Sijawahi kukasirika hivi. Mama mkwe kaja kunipongeza, kavaa nguo zake za harusi. Mama mwenye bustani akafunua turubai mbele ya watu wote. Taa mbili zinawaka, majani yamenawiri, kitumba hata kimoja hakuna. Bibi shamba akatazama taa, akanitazama mimi, akaondoka. Shemeji kakabidhiwa funguo. Mama mkwe kamkumbatia mwanawe, kisha kaniambia nisihuzunike, majani yangu yana afya.

Jioni shemeji, kwa sauti mpya ya bosi, kanipa meza nyingine nianze upya. Nimekaa nikatafakari na kosa langu nimeliona. Taa zilikuwa hafifu mno, ndiyo maana mwizi hakuonekana. Kesho naweka kubwa, nyekundu kabisa.