Firewall ya Maman Esther

Leo haya imenikamata vibaya. Naandika nikiwa nimejifungia mu douche, fasi ya kuogea.

Bibi yangu, Solange, alikuwa na entretien, maulizo ya kazi kwa video, dix heures, saa ine ya asubui, na bakubwa ba Kinshasa. Tangu Pasaka anaingojea.

"Papa Junior, leo usiguse kitu."

"Sigusi, chérie."

Nikagusa. (Mutu mwenye alisoma informatique, kazi ya computer, mikono inamuwasha.) Nilitaka kugawa réseau, ile internet ya nyumba, vipande mbili: telephone za batoto upande moja, machine ya Solange, ordinateur yake, upande ingine, video isikwame. Nikakosea masque, namba yenye kugawa réseau, ndani ya firewall, kale kasanduku kenye kuchunga internet yetu. Machine yake ikabaki inje ya réseau. Dix heures moins dix, dakika kumi tu zimebakia!

Hakunitukana. Hiyo ndiyo iliniogopesha. Alibeba machine, akaenda kwa jirani, Maman Esther, mwenye iko na internet yake. Nikasikia kupitia ukuta: "Bonjour, messieurs." Roho ikatulia kidogo.

Mutu wa akili angekaa. Mimi? Nilitaka arudi akute yote inatembea. Nikazima firewall, nikaiwasha, nikaingia tena. Aka! Masque yangu haiko, ya zamani imerudi. Kasanduku kananibishia, mimi? Nikaandika yangu tena, nikabadilisha adresse pia. Jasho inatoka. Nikafinya Enregistrer, ibakie!

Kupitia ukuta, nikasikia Maman Esther:

"Yesu Maria! Internet imekufa!"

Nikaangalia wifi ya machine yangu. Haikuwa ya kwetu. Wakati nilizima yetu, machine ilirukia wifi ya Maman Esther, mwenye alinipatia code yake siku internet yetu ilikufa. Na firewall yake nilimuwekea mimi mwenyewe, adresse ileile, mot de passe, ile password, ileile ya kwetu (eti nisisahau!).

Kichwa ya Solange ikatokea juu ya ukuta ya kiwanja, mbele ya dirisha yangu.

"Papa Junior. Umegusa nini?"

"Ya kwetu tu..."

"Ya kwetu iko huku?"

Alimalizia entretien na internet ya telephone yake, amesimama katikati ya kuku za Maman Esther. Mukubwa moja akauliza: "Madame, kukitokea shida ya haraka, unafanyaka nini kwanza?"

Solange hakufikiri. "Kwanza namuondosha bwana yangu kwenye machine."

Bakacheka mpaka mimi nikabasikia. Na bamemupitisha! Entretien ya pili ni Ijumaa. Siku hiyo nitashinda kule Bagira, kwa mama yangu. Solange amekwisha kumupigia mama telephone: "Maman, mumupe jembe. Ordinateur, hapana."