Shukrani za Kusikika

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu kaenda kwa dada yake. Kisa, mboga. Jana mezani niliomba hivi: Mungu, tupe subira, mboga haina chumvi. Akaweka kijiko chini. Akasema miaka tisa hajanisikia nikishukuru hata kwa pumzi, na atarudi siku nitakapojifunza. Nimekwisha. Hata kiberiti sijui kinakaa wapi.

Jumanne, 5 Machi
Akili ni mali. Dada yake, shemeji yangu, anasuka nywele mlango wa tatu kutoka kwenye cherehani yangu. Hupita saa mbili kamili. Alipotokea tu nikapaza sauti: asante Mungu kwa macho, kwa mikono, kwa magoti yanayokunjika! Shemeji akapunguza mwendo. Hapo Fundi Viatu, jirani wa ng'ambo, naye akashukuru, polepole, kwa kuamka na kumkuta mama yake mgonjwa akiomba chai. Shemeji akafuta machozi. Akaenda kumpa pole. Mimi hata salamu sikupata. Mnafiki yule! Mama yake anaumwa kweli, lakini kwa nini amtaje saa mbili ileile?

Jumatano, 6 Machi
Nimemwandikia mke wangu shukrani arobaini, nikamtumia kwa simu. Kazi ya kutwa. Suruali ya mwalimu, mteja wangu, haijaguswa. Jibu likaja: anauliza kwa nini yeye ni wa thelathini na nane, baada ya mafuta ya cherehani. Nikamweleza kwamba nimepanga kwa kufuata matumizi. Akazima simu. Mdomo huu utaniponza.

Alhamisi, 7 Machi
Nilikuwa nashona, namshukuru Mungu kwa macho yasiyohitaji miwani, huku nikimchungulia shemeji kama anasikia. Sindano ikapita kwenye kidole. Nikasema maneno ambayo si ya shukrani. Shemeji aliyasikia yote. Fundi Viatu ndiye aliyekuja kunifunga kitambaa. Suruali ya mwalimu ina damu. Aibu gani hii.

Jumamosi, 9 Machi
Karudi! Habari za kidole zilimfikia. Kanisafisha kidonda, kapika, kanikatia chakula vipande vidogo kama mtoto. Machozi yalinilenga, sioni haya kuandika. Akaniambia basi nishukuru. Nikafumba macho, nikamshukuru Mungu kutoka moyoni kwa akili aliyonipa, iliyobuni mpango wa kumrudisha mke ndani ya siku tano. Nilipofumbua macho, kiti kilikuwa kitupu.

Jumapili, 10 Machi
Nyumba kimya. Nimekula chakula cha jana, kimepoa, kitamu vilevile. Kidole hakiumi tena. Jua limeingia mpaka mezani. Nikaisikia pumzi yangu ikiingia na kutoka, na neno asante likanijia. Likafika kwenye ncha ya ulimi kabisa.

Nikalimeza. Hapakuwa na mtu wa kulisikia. Nimelitunza mpaka kesho saa mbili, shemeji akipita.