Mkata Maua wa Saa Tano

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Habari kubwa. Mkutubi ametangaza kwamba maktaba imepata mashine ndogo ya kusikilizia vitabu. Ina spika yake. Ina betri ya siku mbili. Ni moja tu. Jumamosi atakabidhiwa mwanachama mmoja akae nayo nyumbani mwaka mzima, na vitabu vipya vyote vitaanzia kwake. Mtu huyo ataitwa Msikilizaji Mkuu. Niliposikia jina hilo nililirudia kimoyomoyo njia nzima.

Masharti: tusikilize vitabu viwili. Kimoja ni cha upelelezi, mauaji kwenye jumba la tajiri huko Amerika, kimefasiriwa kutoka Kiingereza na sura ya mwisho imefichwa. Kila mwanachama aandike muuaji ni nani na amejuaje; atakayepatia ataichukua mashine, na wakiwa wengi mkutubi atachagua. Cha pili ni historia ya Amerika. Hicho ni cha kutolea maoni mbele ya watu, na anayetaka kuongea ajiandikishe. Nimejiandikisha wa kwanza.

Naitaka mashine kwa ajili ya shangazi. Hii ni shajara yangu, niandike kweli: kwa ajili ya shangazi na kwa ajili ya jina. Shangazi ndiye aliyenilea. Macho yake yalizima mwaka juzi, na tangu hapo hana starehe nyingine ila vitabu vya kusikiliza. Anasikilizia simu yangu. Spika imepasuka, kila mwanamke kitabuni anasikika kama ana mafua. Simu hiyo ikifa, atabaki nimsimulie mimi. Amesema hilo hataliweza.

Nimemwandikisha na yeye uanachama. Karatasi mbili, nafasi mbili. Akili ni mali.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeanza kitabu cha mauaji kazini. Simu juu ya rafu, kando ya kopo la wanga. Mimi kwenye pasi, shangazi kwenye kigoda chake anashona vifungo vilivyong'oka, kwa kupapasa, na hajawahi kukosea tundu. Shemeji, mume wa dada yangu na mwenye duka hili la udobi, anaruhusu vitabu mradi nguo zisiungue.

Msomaji wa kitabu hiki ana sauti nzito, ya mtu anayejua siri yako. Nimempa alama tisa. Moja nimekata kwa sababu anameza mate.

Lakini mambo ya huko! Chakula cha usiku kiliandaliwa saa saba usiku. Mishumaa mezani, watu wamevaa suti, wanakata nyama kwa utaratibu. Saa saba usiku sisi tunakoroma. Kesho yake wakanywa chai ya asubuhi saa nane. Saa nane, nayo bado ni asubuhi! Nilisimama na pasi mkononi nikashangaa mpaka foronya ikaanza kunuka.

Shangazi akauliza hilo ni jua la wapi. Nikamweleza kwamba Amerika ni nchi kubwa, hata asubuhi yake ni kubwa. Akakata uzi kwa meno. Nadhani amepokea elimu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo historia. Msomaji ni mwanamke, anasoma taratibu kama anayepanga vyombo. Alama kumi.

Sikujua. Jamani, sikujua! Watu walikasirika juu ya kodi ya chai, wakapanda melini, wakamwaga chai yote baharini. Makasha kwa makasha. Baadaye wakajenga reli: kundi moja likaanza kutandika vyuma kutoka upande huu wa nchi, kundi la pili upande ule, milima katikati, jangwa katikati, na wakakutana. Mimi na shemeji tukikunja shuka moja, yeye pembe zake na mimi pembe zangu, hatukutani. Nilizima pasi nikakaa chini. Nilisikia baridi mwilini ndani ya chumba chenye mvuke.

Ndipo nikagundua siri. Wamewezaje yote hayo? Asubuhi ndefu! Mtu ambaye asubuhi yake inafika saa nane atashindwaje kujenga reli? Sisi yetu inakwisha saa tano, tunabaki na mchana, na mchana ni usingizi tu. Haya ndiyo maoni nitakayoyatoa Jumamosi. Sidhani kama profesa yeyote ameyafikia.

Nimemwomba shemeji nianze kuripoti kazini saa nane asubuhi, kwa majaribio. Shemeji amesema naweza kuripoti saa hiyo hiyo hukohuko Amerika.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimemkamata muuaji!

Tajiri amekutwa amekufa kitini, katika chumba chake cha vitabu. Polisi wanahoji kila mtu. Daktari wa familia anasema ndiyo kwanza aingie nyumbani, na kwamba marehemu alikufa tangu jana yake. Mpishi analia. Mjomba wa marehemu ana madeni. Halafu akaja mkata maua. Akaulizwa jana jioni alikuwa wapi. Akajibu bila haya kwamba saa tano alikuwa bustanini anapunguza maua.

Saa tano! Kwao jioni ni ndefu, sawa, nimekubali. Lakini giza ni giza. Nani hukata maua saa tano, gizani, na mkasi? Nilimwonea huruma mpelelezi, maana amepita palepale asione kitu.

Shangazi akauliza kama nimesikia habari ya chai. Nikamwuliza chai gani. Akasema chai ya marehemu. Nikamwambia kwa upole kwamba amechanganya vitabu: chai ni kile kingine, ilimwagwa baharini. Uzee hauna dawa. Akasema haya, mwanangu.

Mchana akaja Bwana Koma. Alisahihisha nukta na koma za magazeti miaka thelathini, ndiyo asili ya jina. Yeye hulichukua kama heshima. Mimi kila nikimwita hivyo hufurahi, maana ni kama namwamuru akome. Huyu ndiye mpinzani wangu hasa. Anasikiliza vitabu kwa kalamu mkononi. Alileta shati lake jeupe, binti yake anafunga ndoa Jumatatu kwa msajili. Akakaa na shangazi muda mrefu wakinong'ona. Nadhani habari za magoti na mgongo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku ya kupanda na kushuka.

Kwanza mkakati. Nilitaka kuijaza karatasi ya shangazi kwa jina la mpishi, kama akiba. Karatasi haipo. Shangazi akasema ameshaipeleka. Nikauliza nani kamwandikia. Akasema kuna watu wenye mwandiko. Basi tumepoteza nafasi moja. Nikapanga jingine: kesho akae kiti cha mbele, ajifunge shuka zito, akohoe kidogo ninapoongea, ili mkutubi aingiwe na huruma. Akasema kikohozi si ugonjwa wa macho.

Halafu tukamalizia historia, na hapa sina mzaha. Watumwa waliachiwa huru kwa karatasi iliyotiwa saini. Lakini kuna wengine, mbali, habari haikuwafikia mpaka imepita miaka miwili na zaidi. Walikuwa huru na wanalima shamba la bwana. Shangazi akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaniambia tena. Mara tatu. Sindano ilikuwa imesimama hewani. Akasema, polepole, kwamba kumbe mtu anaweza kuwa nacho kitu chake na asiambiwe.

Nililia juu ya shuka la mteja. Nikalipiga pasi upya. Kitabu ni kitu gani hiki, kinaingia kwenye spika iliyopasuka, kinapita mvuke wote ule, kinamkuta mtu na sindano yake?

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siandiki mengi. Nitaandika yote.

Ukumbi wa maktaba ulijaa. Shangazi mbele, bila shuka, bila kikohozi. Nilianza na maoni. Nikatoa hoja ya asubuhi ndefu. Watu wakatazamana. Nilidhani wameduwaa. Nikaunganisha moja kwa moja na mauaji: mkata maua, saa tano, giza, mkasi. Nikasema jua lina ratiba yake lakini usiku ni wa wote. Nilijipigia makofi kidogo ili wengine waanze.

Bwana Koma alikuwa amefunika uso kwa kofia. Mabega yanatikisika.

Mkutubi akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Shangazi akainuka, ameshika kiti. Akaeleza kwamba yeye alipokea simu kwenye ofisi ya kigeni miaka ishirini. Saa za kitabu kile ni za Kizungu, mfasiri amezibeba vilevile bila kuzigeuza. Saa tano yao ya jioni ni saa kumi na moja yetu, jua lipo, maua yanaonekana. Ukiisikia saa ndogo, ongeza sita. Ukiisikia kubwa, toa sita. Akasema alinidokeza Jumanne, alipouliza jua la wapi, nikampa jiografia.

Watu walicheka mpaka mlinzi wa mlangoni akachungulia.

Kisha mkutubi akafungulia sura ya mwisho. Muuaji ni daktari. Alisema marehemu amekufa tangu jana, ilhali kikombe kilicho kando ya mkono wake kilikuwa bado kinatoa mvuke. Chai! Mkutubi akafungua karatasi. Wengi mjomba. Bwana Koma mjomba. Mimi mkata maua, peke yangu. Moja tu ilisema daktari, kwa sababu chai ilikuwa ya moto. Mwandiko mzuri, kila koma mahali pake. Ni ya shangazi, ameandikiwa na Bwana Koma, kwa uaminifu, akijua kabisa kwamba yake ni tofauti. Nimejaribu kumchukia kwa hilo nikashindwa.

Shangazi akapewa mashine. Akaibonyeza. Sauti ikatoka safi, mwanamke bila mafua, na uso wa shangazi ukawa kama zamani, aliponiona nikitoka shule. Sijui niandikeje. Mtu asiyeona aliisikia chai ikitoa mvuke, na mimi nimesimama ndani ya mvuke sikuisikia.

Tulipotoka Bwana Koma alinikumbusha shati lake. Atalifuata Jumatatu saa nne asubuhi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mtu asiyejifunza ni mzigo. Mimi nimejifunza.

Bwana Koma amesema saa nne. Yule ni mtu wa vitabu miaka thelathini, na mtu wa vitabu hutaja saa za vitabu. Zamani ningekurupuka. Leo nimetulia nikapiga hesabu ya shangazi: nne ni ndogo, ongeza sita, kumi. Hilo neno asubuhi halikunisumbua, asubuhi ya Amerika tunaijua urefu wake. Nikaliloweka shati saa tatu na nusu, bila haraka.

Saa nne juu ya alama kaingia Bwana Koma, ua kifuani, fulana ndani ya koti. Nikamweleza kwa adabu kwamba amewahi kwa saa sita. Alitoa kalamu mfukoni, akairudisha. Shemeji akatoka ofisini, akalitazama shati likielea kwenye ndoo, akanitazama mimi. Akamvisha Bwana Koma shati la mteja mwingine, mikono inaishia kwenye viwiko. Akaniambia nivue aproni mpaka atakaponiita. Nikauliza ataniita saa ngapi, na kwa saa zipi.

Kwenye kigoda, shangazi akaongeza sauti ya mashine.

Nimekaa nje ya mlango naandika. Namwandikia pia mchapishaji kuhusu mkata maua, maana kesi ile haijaisha. Binti wa watu, nasikia, ameolewa saa nne na nusu, baba yake amesimama na viwiko wazi. Wamefanya haraka bure. Asubuhi ilikuwa bado ndefu.