Arobaini na Mbili Bila Kuzimika

Jumatatu, 4 Machi

Kompyuta kuukuu inakimbia kuliko siku ilipozaliwa! Aliyeikimbiza ni mwanangu, binti wa tumbo hili hili. Chai sijanywa, naandika kwanza.

Ni ile iliyotupwa na ofisi ya baba yake, tukawa tunazuilia mlango. Prosesa yake, yaani ubongo (nimeuliza), iliundwa kwenda thelathini na nne. Binti ameipandisha hadi arobaini na mbili. Arobaini na mbili ya nini? Nimeuliza pia. Akasema ni namba inayozidisha mapigo, mama, kama mapigo ya moyo. Nikasema basi tumempandisha mzee ngazi. Akacheka. Akasema ndiyo hivyo hasa, na kazi si kumpandisha, kazi ni asianguke.

Nimeelewa! Mimi dobi, joto nalijua. Ukitaka mbio unaongeza umeme kidogo. Umeme ukipanda, joto nalo linapanda. Joto likizidi, mashine inazima. Pasi na prosesa ni mtu na dada yake. Ila pasi ikizidi moto inaunguza kola ya mteja. Hii ikizidi inaunguza ajira ya mwanangu.

Maana ajira ipo. Mama mmoja mchora ramani za majumba amempa kazi ya kumpima. Achukue nyumba ambayo haijajengwa, aifanye picha inayotembea, mtu aingie sebuleni atokee jikoni. Jumamosi anakuja mwenyewe kutazama. Ikimpendeza, kazi za ofisi yake zote zinahamia mezani kwetu. Isipompendeza, binti anakwenda mji wa mbali kuhesabu magunia kwenye ghala la mjomba wake. Mjomba ni kaka yangu, nampenda. Magunia siyapendi.

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi iliganda. Picha imesimama, kipanya hakitembei. Moyo wangu nao ukasimama. Binti wala hakushtuka. Amefungua ubavu, akapangusa mafuta makavu juu ya prosesa, akaweka mapya ya kijivu, kiasi cha punje ya njegere. Nikamwambia ongeza, usiwe mchoyo. Akasema yakizidi hayasaidii, yanashikanisha chuma na chuma tu ili joto lipate njia ya kutokea.

Kisha umeme. Anaongeza tone, anajaribu. Imeganda. Anaongeza tone, anajaribu. Kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi wa mgonjwa. Mwisho ikakubali kwenye volti moja nukta mbili nane. Ikapewa hesabu ngumu za kuitesa kusudi, nikamaliza kupiga pasi mashuka yote ya nyumba ya wageni, ingali inakokotoa. Joto halijafika hata sabini!

Nikatoka. Mtu hawezi kukaa na habari kama hiyo ndani. Nikamwambia mwenye duka. Nikamwambia fundi cherehani. Nikavuka kwa wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye mwanawe amenunua kompyuta mpya, nasi sote tumeambiwa hivyo mpaka basi. Nikamwambia wifi, yetu ni arobaini na mbili kwa moja nukta mbili nane. Nikarudia asije akasahau. Akajibu, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamwambia basi mimi ndiyo miguu yake.

Jumatano, 6 Machi

Wifi amekuja kuiona. Kimya! Feni inazunguka kama inanong'ona. Akauliza kama imewashwa. Akasema ya mwanawe ikifanya kazi inavuma mpaka unaisikia barabarani. Akaondoka anatabasamu. Tabasamu lile nalijua tangu siku ya harusi yangu.

Mume wangu akasema debe tupu haliachi kuvuma. Sijui alisema kompyuta ya mpwa wake au mimi. Sikuuliza.

Nimemwuliza binti, je, ukiweka hamsini? Akasema kila prosesa ina kikomo chake. Mbili zinaweza kutoka kiwanda kimoja siku moja, hii ikafika arobaini na nne, nyingine ikaishia arobaini na moja, na hakuna ajuaye mpaka ajaribu. Hilo limenikaa. Kama watoto! Nikamwuliza namba inabadilishwa wapi. Akanionyesha. Unawasha, unabonyeza kitufe fulani, ukurasa wa bluu unatokea. Alinionyesha kwa upendo. Kosa lake.

Alhamisi, 7 Machi

Binti ametoka kwenda kuuliza rangi ya kuta. Akirudi ndipo kompyuta inaanza kupika picha, yaani kuikokotoa mpaka itembee, kazi ya mfululizo hadi Jumamosi.

Nilitaka kumfurahisha. Na nilitaka wifi asikie akiwa dirishani mwake. Ukurasa wa bluu, huo. Hamsini, hiyo. Nikahifadhi. Feni ikanguruma! Nikapiga makofi. Ikazima. Ikawaka. Ikazima. Kama mtu anayetaka kupiga chafya na chafya haiji. Kioo cheusi tii. Nikapuliza. Nikachezea waya. Nikaibembeleza kwa maneno mazuri. Nikarudi kwenye pasi, nikanyoosha shati moja mpaka likanionea huruma.

Binti akaingia. Nikasema labda ni umeme. Akanitazama. Nikasema hamsini.

Hakufoka. Heri angefoka. Akaketi sakafuni, akachomoa waya, akatoa betri ndogo kama kifungo cha koti, akangoja, akairudisha. Ikaamka! Lakini imesahau yote, imerudi thelathini na nne. Kwa mwendo huo, akasema, picha itaiva Jumapili, na mchora ramani anakuja Jumamosi.

Arobaini na mbili aliikumbuka. Umeme je? Amejaribu nyingi mno zimechanganyika kichwani. Akiweka kidogo itaganda katikati, akizidisha itachemka, na muda wa kupima upya haupo. Akaniuliza, mama, wewe ulikuwepo, ilikuwa ngapi? Kichwa changu ndoo iliyotoboka. Mimi! Namba haiji. Nikayaona magunia.

Wifi alikuwa mlangoni, kaja kuchukua nguo zake. Akasema moja nukta mbili nane. Tukageuka. Akasema, mnanitazamia nini, si mama yako katuimbia juzi mchana kutwa, mimi nimeiota.

Binti akampigia mwenye duka kuhakikisha. Mwenye duka akasema moja nukta mbili nane, na mwambie mama yako tumesikia.

Picha imeanza kupikwa.

Ijumaa, 8 Machi

Ndani hakuna anayepumua. Pasi nimekatazwa, inavuta umeme mpaka taa zinafifia. Nimepigia pasi kwa wifi. Kwa wifi! Kanipa meza, kanipa chai, hakunirushia hata kijembe kimoja. Imeniuma kuliko vijembe vyote.

Nikivuka uchochoro nachungulia dirishani. Binti ananionyesha kidole gumba. Sitini na nane, anasema kwa midomo. Kwa nini sitini na nane na si sitini na tano kama asubuhi? Kwa sababu chumba nacho kimepata joto la mchana. Nimefungua mlango wa uani, nikarudi kuuliza. Sitini na sita! Mimi huyo, nimeipoza kompyuta kwa mlango.

Jumamosi, 9 Machi

Amepata!

Picha iliiva alfajiri. Mchora ramani kaketi, katembea sebuleni kwa macho, kaingia jikoni. Akaomba arudishwe jikoni. Nikashika kiti. Akasema, ala, huu mlango ukifunguka unagonga jiko, na mimi nimechora hivyo miezi yote hii! Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema heri umegonga kwenye kioo kuliko kwenye tofali. Kazi inayofuata italetwa Jumatatu. Magunia yatafute mhesabuji mwingine.

Akauliza ni kompyuta gani hii. Nikajibu mimi kabla ya mwanangu, namba zote mbili. Binti akanikanyaga mguu. Kwa heshima, lakini alikanyaga.

Mgeni alipoondoka, binti akaniketisha. Mama yangu, akasema, nakuomba mambo mawili, usiiguse na usiitangaze. Nikamwahidi kwa moyo wote. Nikalia kidogo. Yeye kaenda kulala, maskini, kachoka.

Nami nimekaa nimefikiri. Nani ametuokoa? Wifi. Wifi alijuaje? Nilimtangazia. Ningefunga mdomo wangu kama mtu mwenye adabu, leo tungekuwa tunafungasha nguo. Kwa hiyo kutangaza si kosa, ni akiba.

Nimetoka mara moja tu, dukani. Mwenye duka ana kompyuta mbovu chini ya kaunta. Fundi cherehani ana mbili. Wa nyumba ya wageni ana moja inayowaka ikitaka. Hata mwana wa wifi, ile mpya yake inachemka siku hizi. Nimewaambia wasitupe kitu, mwanangu atawapandisha wote arobaini na mbili, na wenye bahati zaidi. Binti sijamwambia, nitamwambia akiamka, akishashiba. Waje na waya zao. Kesho, Jumapili, wakishakula mchana.