Uji wa Ubongo wa Baba

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Kitale. Shule imefungwa, nami maabara nimeifunga. Ndugu yangu Hesbon kapiga simu kutoka nyumbani Mabanga: ati Baba ameuliza Wekoye ni nani. Wekoye ni mimi. Hesbon, Baba anamjua. Ng'ombe anawajua kwa majina. Mimi, kifungua mimba, hapana. Nimeumia.

Nimesoma mpaka macho yakawasha. Ubongo una kemikali ziitwazo poliamini. Moja, spermidini, hupungua uzeeni. Imejaa kwenye soya na kiini cha ngano. Kiini nimekikosa, nimechukua pumba za ngano.

Jumatano, 6 Agosti
Mabanga. Baba kanisalimu vizuri, akauliza kama nimekuja kupima shamba. Nimemkorogea uji wa soya na pumba. Nabwile, mke wa Hesbon, amesema hicho ni chakula cha ng'ombe. Nimemwambia hii ni sayansi.

Baba ameshinda chooni. Hesbon ndiye aliyemshika mkono, na alihakikisha nimeona.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimempigia Chemutai, mwalimu wetu wa baiolojia. Amenivunja moyo. Ubongo hujitengenezea poliamini wenyewe: onithini hugeuzwa putresini, putresini ikawa spermidini, spermidini ikawa spermini. Kisha vimeng'enya vingine huvunja na kurudisha nyuma, spermini mpaka putresini. Ya tumboni haifiki ubongoni kwa urahisi. Ati niketi tu na mzee. Niketi! Mtu wa maabara?

Mpango mpya: malighafi. Onithini hutokana na arginini, na arginini iko kwenye njugu. Nimeongeza njugu.

Jumamosi, 9 Agosti
Uji mara tano. Baba kafumba mdomo. Nimelazimisha kijiko, ukamwagikia shati lake la kanisani. Akaniangalia kwa hofu, baba yangu mzazi. Nimelia nyuma ya zizi. Nabwile aliniona, akajifanya hakuniona.

Jumapili, 10 Agosti
Wengine wameenda kanisani. Nikikoroga uji, Baba akaniita kijana, akaniomba nimpelekee ujumbe. Ana mtoto wake Kitale, anaitwa Wekoye, kazi yake ni maabara. Nimwambie aje waketi hapa kibarazani. Asibebe chochote. Amemngoja sana.

Ametaja jina langu! Na kazi yangu! Uji umefika ubongoni, Chemutai atasema nini?

Sikupoteza dakika. Nimemwacha kibarazani peke yake na sufuria, nikakimbilia steji ya matatu. Naandika haya njiani, Kiminini. Narudi Kitale kununua soya zaidi, gunia zima.