Kimulimuli Juu ya Bajaji

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nachingwea. Nimefunga kimulimuli juu ya bajaji. Cha njano, kinazunguka vizuri, kimetoka kwenye greda bovu. Nia: abiria wanione kutoka mbali. Dickson wa kijiweni kwetu anaitwa na wateja kwa jina. Mimi naitwa "wewe wa bajaji". Tangu mke wangu Rahel afariki, salamu nazipata redioni.

Jumanne, 10 Juni
Barabara ya Ruangwa. Magari yote yananipisha. Lori la ufuta liliingia majanini likangoja. Nikasimama kushukuru. Dereva akauliza mtambo uko wapi. Alidhani natangulia mzigo mpana. Taa ya njano ndiyo kazi yake. Akaondoka bila kuaga. Abiria: hakuna. Mama mmoja alikataa, akasema hapandi gari la serikali.

Jumatano, 11 Juni
Kosa ni rangi. Nimekipaka rangi ya kucha, nyekundu. Chupa mbili.

Alhamisi, 12 Juni
Lionja. Binti mmoja, Mwamina, alikimbilia barabarani akipunga kanga. Mama yake, Bi Safina, alikuwa amebanwa na pumu, midomo imebadilika rangi. Walidhani mimi ni gari la wagonjwa. Nilitaka kueleza, nikaona nachelewesha. Nikawapakia.
Njia nzima watu walipisha. Mwamina alinishika bega, akasema, "Mjomba, usisimame." Sikusimama.
Hospitalini muuguzi akaniuliza mtungi wa oksijeni uko wapi. Nilikaa kwenye benchi mpaka daktari aliposema atapona. Nililia kidogo. Nikasingizia vumbi.

Ijumaa, 13 Juni
Trafiki kanisimamisha. Kwa upole akasema watu huiachia njia taa nyekundu kwa sababu wanaiamini. Wakidanganywa wataipuuza, na siku hiyo atakufa mgonjwa wa kweli. Akakifungua kimulimuli, akaondoka nacho.
Jioni Mwamina alipiga simu. Mama karudi nyumbani. Jumapili wanachinja kuku, wananisubiri mchana. Nilisema nitakuja. Nikapiga pasi shati.

Jumapili, 15 Juni
Lionja sikwenda. Asubuhi nilikumbuka kwamba trafiki hakusema lolote kuhusu king'ora. Nimeshinda nakifunga. Mwamina kapiga mara nne wakati nakijaribu, sikusikia. Sasa simu yake haipatikani.
Kinalia vizuri sana. Kwa sauti hii, lazima mtu atatoka aje kuniuliza hali.